Nguo ya Kuazima Haisitiri: Mavazi ya Vijana Wetu Katika Safari ya Ng'ambo

Ilikuwa saa kumi na mbili ya jioni, lakini jua la London la mwezi wa Agosti lilikuwa bado juu kama la saa tisa kwetu Mombasa. Nilisimama nje ya kituo cha treni cha Whitechapel nikiwangoja wanangu, waliokuwa wametoka matembezini pamoja na watoto wa mdogo wangu anayeishi huko. Watu walimiminika kutoka kituoni kwa mamia. Nikamwona mwanangu wa kiume. Nyuma yake alikuja msichana aliyevaa fulana na suruali ya jinzi, nywele wazi, akicheka na wenzake. Sikumtambua mara moja kwamba ni binti yangu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Buibui na mtandio nilioutia mwenyewe katika sanduku lake vilikuwa vimekunjwa ndani ya mkoba wa mgongoni. Aliponiona, kicheko kilimkatika.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba sikusema neno mbele za watu. Tulirudi nyumbani kimya. Usiku, baada ya Isha, nilimwita chumbani nikamuuliza kilichomsibu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, zile nguo ni zako. Mimi sikuulizwa."

Maneno yale yalinikaa moyoni tangu siku hiyo, sasa ni mwaka wa tatu. Nimeona vyema niyaandike leo, wakati shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti na familia nyingi za pwani zinajitayarisha kwenda kuwazuru jamaa zao Uingereza, Uturuki, Omani na kwingineko. Masanduku yameanza kuteremshwa kutoka juu ya makabati. Kabla hatujayajaza, mama mwenzangu, tuketi kidogo tuzungumze.

Makosa yalikuwa ya nani?

Binti yangu alikosa, na alikiri kosa lake. Lakini nilipoyapitia mambo yalivyokwenda, niliona kwamba nami nilikuwa na sehemu yangu.

Nilimfungia mabuibui matatu meusi ya poliesta kwa sababu hayakunjamani na hukauka haraka. Sikufikiri kwamba kitambaa kile, kinachovumilika kwetu penye upepo wa bahari, kingemchemsha ndani ya behewa la treni ya chini ya ardhi lisilo na hewa. Mabuibui yenyewe yalikuwa yakiburura, kama wasichana wetu wanavyopenda kuyavaa arusini. Siku ya pili tu ya safari, alipokuwa akishuka kwa ngazi za umeme, pindo la buibui lilinaswa mwishoni mwa ngazi. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma alimshika mkono, pindo likachanika, na watu wote wakageuka kumtazama. Hakuumia mwili. Lakini msichana wa miaka kumi na minne anayetazamwa na watu mia huku nguo yake imechanika huumia mahali pengine, na mimi mamaye nililolisema siku ile ni, "Mara nyingine uangalie unapokanyaga."

Kwa hiyo alipolivua buibui siku ya tatu, hakuwa ameivua dini yake. Alikuwa amevua kitu kilichomtia joto, kilichomtia hatarini, kilichomwaibisha, na ambacho hakukichagua. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfundisha tofauti, alipolitupa buibui aliitupa na stara pamoja nalo.

Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri. Nimeelewa sasa kwamba kuna stara ya kuazima pia. Mtoto huivaa kwa kuwa mama yupo, bibi yupo, jirani yupo, na mtaa mzima umevaa vivyo hivyo. Akivuka bahari, akawa mahali ambapo hakuna anayemjua, nguo ile ya kuazima hurudi kwa mwenyewe. Kazi yetu, basi, kabla ya kununua chochote, ni kuhakikisha kwamba stara ya mtoto imekuwa mali yake.

Dini na ada: tuzitenganishe mbele ya watoto

Tulipopanga safari ya pili, mwaka jana, tulianza kwa mazungumzo miezi miwili kabla ya siku ya kuondoka. Tuliketi wote wanne sebuleni: mimi, baba yao, binti na mwanangu wa kiume. Binti alisema anataka kuvaa shati refu na suruali pana badala ya buibui. Mimi nilikataa papo hapo. Mume wangu akaniuliza kwa upole, "Unataka asitirike, au unataka avae kama wewe?"

Sikuwa na jibu. Tukafungua Msahafu, tukasoma maana ya Surat An-Nur, aya ya 30 na 31, na Surat Al-Ahzab, aya ya 59. Kisha tukaandika kwenye karatasi yale ambayo sisi, watu wa madhehebu ya Shafi, tulifundishwa chuoni. Kwa msichana aliyebaleghe, nguo ifunike mwili wote isipokuwa uso na viganja vya mikono. Iwe pana, isichore maungo. Iwe nzito kiasi cha kutoonyesha kilicho ndani. Isiwe vazi la kutafutia sifa na kutazamwa. Hayo hayakuwa na mjadala, Mombasa wala London.

Lakini rangi nyeusi haimo katika orodha hiyo. Buibui lenyewe kwa umbo lake halimo. Ni vazi letu tukufu, na mimi nitalivaa mpaka siku yangu ya mwisho, inshallah. Lakini ni njia moja ya kujisitiri miongoni mwa njia nyingi. Hapa hapa pwani njia hizo zimebadilika. Lamu ya zamani wanawake wa miji walitembea ndani ya shiraa, kama hema lililobebwa kuwazunguka. Bibi zetu walijifunga buibui la kuvutwa kutoka kichwani. Sisi leo tunavaa abaya za mtindo wa Ghuba, na bibi yangu angeziona angeuliza ni kanzu za nani. Umbo limekuwa likibadilika, stara imebaki.

Binti yangu aliposikia hayo kutoka kinywani mwangu, uso wake ulilegea. Alikuwa ameamini kwamba akikataa buibui amekataa kila kitu. Sasa aliona kwamba kuna ua mpana ambao ndani yake anaweza kuchagua. Nami niliona kwamba mpaka ukiwa wazi na wenye sababu, kijana hausukumi sana.

Nakushauri, msomaji, ufanye kikao kama hicho nyumbani kwako. Hukumu zikikutatiza, muulize mwalimu wa madrasa au ustadhi unayemwamini kabla ya safari, na mtoto awepo akisikia jibu mwenyewe.

Usimsahau kijana wa kiume

Katika kikao kile, binti yangu aliuliza swali ambalo lilinyamazisha nyumba: "Mbona yeye hamumwambii kitu?" Alimwonyesha mdogo wake, wakati huo ana miaka kumi na mitatu na amekwisha kubaleghe, aliyekuwa ameketi na kaptula ya mpira iliyopanda juu ya mapaja.

Alisema kweli. Katika Surat An-Nur, Mwenyezi Mungu ameanza kuwaamrisha wanaume wainamishe macho yao na kuhifadhi tupu zao katika aya ya 30, kabla ya kuwageukia wanawake katika aya ya 31. Sisi wazazi tumezoea kuruka aya ya kwanza na kusimama juu ya ya pili. Uchi wa mwanamume, kwa madhehebu yetu, ni baina ya kitovu na magoti. Kaptula inayofika katikati ya paja haitoshi, wala jinzi iliyobana kama ngozi, wala suruali inayoshuka kiunoni kila anapoinama. Mwisho huo wa tatu ndio huharibu hata sala, kwa kuwa mgongo na makalio hufunuka katika sijda msikitini mbele ya safu nzima.

Tuliafikiana naye kaptula mbili pana zinazovuka magoti, suruali mbili za kitambaa chepesi, na fulana ndefu kidogo. Jezi ya timu yake ya mpira tulimwachia, baada ya kuitazama matangazo yaliyo kifuani. Jezi nyingi za Ulaya hubeba majina ya kampuni za kamari, na watoto huzivaa bila kujua wanatangaza nini. Kanzu moja nyeupe na kofia vilitiwa kwa ajili ya Ijumaa. Aliuliza kama watu hawatamcheka. Baba yake akamjibu kwamba yeye mwenyewe atavaa kanzu, na watakwenda pamoja. Suala hilo halikurudi tena.

Binti alipoona mdogo wake naye anapimwa kwa kipimo, uzito wa kipimo chake ulimpungukia. Uadilifu ni nusu ya malezi.

Ijue nchi unayokwenda

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe. Kosa letu la pwani ni kudhani kwamba Ulaya ni baridi tu. Tunafunga makoti mazito, au kwa kinyume chake tunasikia neno "kiangazi" na kufunga madera matupu. Agosti ya London, mchana wa kawaida hufika nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi, na alfajiri hushuka karibu na 14. Mombasa, katika mwezi huo huo wa baridi yetu, usiku haushuki sana chini ya 20. Kwa hiyo watoto wetu watasikia ubaridi asubuhi na usiku, na mvua inaweza kunyesha siku yoyote. Lakini pia yapo mawimbi ya joto. Tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilipimwa nyuzi 40.3 huko Coningsby, joto ambalo halikuwahi kuandikwa nchini humo. Nyumba nyingi za huko hazina viyoyozi wala feni za darini.

Njia ya kukabiliana na hali kama hiyo ni tabaka. Nguo nyepesi ya pamba ndani, juu yake shati refu au gauni, kisha sweta jembamba, na koti jepesi la mvua linalokunjika likaingia mkobani. Kila tabaka linaweza kuvuliwa bila stara kuondoka, na hili ndilo jambo la kuliangalia dukani. Muulize mtoto: ukivua sweta hili saa saba mchana, kilichobaki kitakufunika mikono mpaka kwenye viganja? Kama sivyo, atakuwa na hiari mbili tu, kuungua au kujifunua, nasi ndio tuliomtia katika mtihani huo.

Mengi ya tabaka hizo hayahitaji kununuliwa dukani kwa bei kubwa. Koti la mvua la binti yangu na masweta ya mdogo wake tuliyapata katika mitumba ya soko la Kongowea, mazima na safi. Tulicheka njiani kwamba makoti yale yametoka Ulaya na sasa tunayarudisha kwao kwa matembezi. Na tulipofika London tuliona maduka ya misaada yanayouza nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambayo ni mitumba ile ile kwa jina jingine.

Sanduku la msichana

Haya ndiyo binti yangu aliyoyachagua kwa safari ya wiki tatu, nami naona yalitosha. Mashati marefu manne yanayofika magotini, yenye mpasuo mdogo wa pembeni wa kumwezesha kupanda ngazi. Suruali pana tatu. Gauni mbili ndefu za pamba. Abaya moja tu, ya kwendea msikitini na kuwaamkua wakubwa. Mitandio sita.

Abaya ile na gauni zile tulizipeleka kwa fundi wa cherehani azipandishe pindo mpaka kwenye kifundo cha mguu, huku akiwa amevaa viatu atakavyotembelea. Tafadhali usilipuuze hili. London ni mji wa ngazi za umeme. Zile za kituo cha Angel zina urefu wa kama mita 60. Nguo inayoburura humo ni hatari, na vivyo hivyo katika baiskeli na katika michezo ya bembea kubwa. Mfundishe mwanao kuikusanya nguo kwa mkono mmoja anapopanda, na kusimama upande wa kulia, kwani upande wa kushoto huachiwa wenye haraka.

Mitandio ya shifoni inayoteleza na kuhitaji pini saba haifai kwa safari. Hupeperuka kwa upepo wa treni, na pini zake hupiga kelele katika mashine za uwanja wa ndege. Kitambaa cha jezi cha pamba hukaa kichwani chenyewe, hakihitaji pasi, na kikilowa hukauka. Rangi tulimwachia. Alichukua ya kijani kibichi, ya samawati, ya kahawia na mengine ya maua madogo. Mimi ningechukua nyeusi zote sita. Nilijiuma ulimi.

Soksi ni jambo dogo linalosahauliwa. Mchana wa Agosti huko ni mrefu. Katikati ya mwezi, Adhuhuri huingia yapata saa saba, Alasiri yapata saa kumi na moja, na jua halizami mpaka saa mbili na dakika ishirini za usiku. Maana yake, familia iliyotoka kutembea itaswali angalau mara mbili nje ya nyumba, pengine juu ya nyasi za bustani. Miguu ya mwanamke ni katika mwili wa kufunikwa ndani ya sala kwa madhehebu yetu. Msichana aliyevaa nguo za kuswalia na soksi nzito kiasi hahitaji kutafuta pa kubadilishia. Hutandika leso na kuelekea Kibla. Leso moja ya mtaa wa Biashara imetufaa kwa mswala, kwa shuka ya ndegeni, kwa kujifunika mvua na kwa mlo wa bustanini. Kila mtoto awe na yake.

Kama kitu kitapungua, usihangaike. Soko la Whitechapel na maduka ya Green Street, upande wa mashariki wa London, yana abaya, mitandio na kanzu za kila aina, na katika Msikiti wa East London kuna jengo la kina mama na familia liitwalo Maryam Centre. Mpeleke mtoto mapema, siku ya kwanza au ya pili. Akiwaona wasichana wa rika lake wamevaa mitandio huku wakizungumza Kiingereza cha London na kukimbilia basi, ataelewa kwamba yeye si kioja katika mji ule.

Kuogelea na michezo

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Mtoto aliyekulia kando ya bahari ya Nyali au Shela hawezi kuambiwa akae kando awatazame wenzake. Vazi la kuogelea la stara, linaloitwa bukini, lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama Mwislamu wa Australia mwenye asili ya Lebanoni. Nchini Uingereza mabwawa mengi ya umma hulikubali, kwa sharti liwe la kitambaa maalumu cha kuogelea, si pamba. Baadhi ya mabwawa hutenga saa za wanawake peke yao. Uliza kabla ya kulipa, na ununue vazi hilo kabla ya safari, saizi moja pana zaidi, kwa kuwa likilowa hushika mwili. Kijana wa kiume naye avae kaptula ya kuogelea inayovuka magoti.

Na binti anayependa michezo asidhani kwamba mtandio ni kizuizi. Shirikisho la mpira wa miguu duniani, FIFA, liliruhusu rasmi kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014. Mwaka 2016, huko Rio, Ibtihaj Muhammad wa Marekani alipata medali ya shaba ya Olimpiki katika mchezo wa vitara akiwa na hijabu yake. Mtandio wa michezo, unaovaliwa kama kofia bila pini, ni mwepesi na huingia katika mfuko wa koti.

Mkivuka kwenda Ufaransa

Familia nyingi zikifika London hutamani kupanda treni hadi Paris kwa siku moja au mbili. Ni safari nzuri, lakini sheria za huko ni nyingine, na mama ndiye wa kuzijua kabla.

Uingereza hakuna sheria inayomkataza mwanamke kuvaa mtandio au nikabu barabarani. Ufaransa, tangu tarehe 11 Aprili 2011, kufunika uso mahali pa umma ni kosa, na faini yake inaweza kufika yuro 150. Mtandio unaoacha uso wazi haukatazwi barabarani wala madukani. Katazo la mtandio la mwaka 2004, na la abaya la mwaka 2023, yanahusu wanafunzi wa shule za serikali, si wageni wanaotembea. Katika mabwawa, hata hivyo, mengi ya umma hukataa bukini, na cha kushangaza hukataa pia kaptula pana za wavulana, yakitaka chupi ya kuogelea inayobana. Sisi tuliamua kwamba Paris hatuogelei.

Jambo hili lizungumzwe nyumbani, hasa ikiwa mama au binti mkubwa huvaa nikabu. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda ni wenu, lakini usiufanye mbele ya askari huku watoto wanatazama. Na katika viwanja vya ndege, mwanamke anayetakiwa kukaguliwa zaidi anaweza kuomba akaguliwe na mwanamke mwenzake, faraghani. Mfundishe binti maneno hayo kwa Kiingereza chenye adabu, ayaseme mwenyewe bila woga.

Uzuri si dhambi, israfu ndiyo mbaya

Vijana hupenda kupendeza. Tusiwafanye waone kwamba kila kinachopendeza ni haramu. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) alipozungumzia kiburi, mtu mmoja aliuliza juu ya anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, na Mtume akamfahamisha kwamba hicho si kiburi. Lakini Surat Al-A'raf, aya ya 31, inayotuamrisha tujipambe kwa ajili ya ibada, ndiyo hiyo hiyo inayotukataza israfu. Kwa hiyo tuliwapa watoto kiasi cha fedha, kila mmoja bahasha yake, wachague wenyewe. Binti alipoona kwamba raba za jina kubwa zitamla nusu ya bahasha, alizirudisha rafuni kwa mkono wake. Ningemkataza mimi, tungegombana mpaka Agosti.

Usiku mmoja mwaka jana

Sitaki msomaji adhani kwamba safari ya pili ilikuwa nyepesi yote. Siku moja watoto walikuwa ndani ya basi, ghorofa ya juu, wakirudi kutoka bustanini. Mwanamume mmoja mtu mzima alimwambia binti yangu neno baya kuhusu kitambaa cha kichwani mwake. Mdogo wake alitaka kujibu. Yeye akamshika mkono. Waliteremka ghorofa ya chini wakaketi karibu na dereva, kama tulivyokuwa tumewaelekeza, na mama mmoja wa Kiingereza akaja kuketi nao mpaka kituo chao. Mwambie mwanao vivyo hivyo: usijibizane, sogea penye watu na dereva, kisha tuambie sisi usifiche.

Usiku alikuja chumbani kwangu, akaketi pale pale kitandani alipoketi miaka miwili nyuma. Alilia kidogo. Nilimwambia, kwa taabu, kwamba najua ni vigumu, na kwamba kama anaogopa kesho tunaweza kutembea wote pamoja. Sikujua atajibu nini, na nakiri kwamba niliogopa jibu lake.

Akajifuta machozi, akaunyoosha ule mtandio wa kijani mapajani. "Nilifikiria kuuvua," akasema. "Halafu nikaona, huu nimeununua mwenyewe."

Hatukusema zaidi. Asubuhi yake aliuvaa tena, nami nilivaa buibui langu, tukatoka.

Sijui kesho yake itakuwaje. Mioyo i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mwanangu bado ni mdogo. Lakini najua kwamba siku ile katika basi mimi sikuwapo, wala bibi yake, wala mtaa wetu. Alikuwa na nguo yake tu, nayo ilimsitiri.

Mwenyezi Mungu awalinde wanetu waendako, awavike vazi la ucha Mungu lililo bora kuliko mavazi yote, na awarudishe nyumbani salama. Amin.